UZI: Kuosha injini ya gari mwenyewe nyumbani bila kuua koili wala altaneta

Mzee_wa_Boneti:

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Nimeamua kuandika huu uzi leo maana wiki hii peke yake nimepigiwa simu na watu wawili na kilio ni kimoja, gari imetoka kuoshwa injini sasa inatetemeka na taa ya cheki injini inawaka. Na mimi mwenyewe yameshanikuta, kwa hiyo naanza na langu halafu ndo niingie kwenye jinsi ninavyofanya siku hizi.

Gari yangu ni Toyota IST, ile ya kwanza yenye injini ya 1NZ-FE. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naipeleka kuoshwa sehemu moja huku Mbezi, jumamosi moja kijana akaniambia bosi injini imechafuka sana hii nikupigie na injini? Nikamwambia piga. Gari ilikuwa imetoka kwenye foleni muda huo huo, injini ya moto huwezi kuweka mkono. Akachukua chupa ya dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa akaipuliza na kompresa injini nzima, moshi mweupe ukawa unatoka kwenye ekzosi mimi nikajua ni mvuke tu, halafu akaja na gan ya presha akaipiga kwa karibu kama anaosha matope ya tairi. Ikang'aa kweli sikatai. Nikalipa nikaondoka, sijafika hata Kimara Mwisho gari ikaanza kukata, nakanyaga mafuta haivuti, mtetemo mpaka kwenye usukani na taa ya cheki injini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Fundi alipochomoa koili (ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) ya silinda namba 3 akaniita nije nichungulie na tochi. Lile shimo la plagi lilikuwa limejaa maji. Sisemi unyevu, nasema maji yamesimama na juu yake kuna duara la dizeli linaelea lina rangi rangi kama upinde wa mvua. Koili imekufa, na ule mpira wake wa chini umelainika ukiuminya unabonyea kama ubuyu uliolowekwa. Baada ya wiki mbili fenibelti ikaanza kulia kila asubuhi nikiwasha, na kabla mwaka haujaisha altaneta (ile inayochaji betri) nayo ikaanza kuguguna beringi. Yote yale ni ya siku moja ile.

Toka hapo naosha mwenyewe nyumbani na huu ni mwaka wa nne sijawahi kuharibu kitu. Nataka niwaeleze vizuri na sababu zake maana ukijua sababu huhitaji hata kukariri hatua.

Kwanza tuelewane injini inaoshwa kwa ajili gani. Inaoshwa ili UIONE. Oili ikivuja kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha kichwa cha injini) inashuka, inakamata vumbi, vumbi linakuwa tope jeusi, na chini ya lile tope huwezi kujua kama kinachovuja ni oili, ni mafuta ya pawa stiaringi au ni kulanti (maji ya kupozea injini). Pia tope linazuia joto kutoka na mpira uliokaa kwenye oili muda wote unaoza. Kwa hiyo mwaka mzima ukiosha mara 1 au 2 inatosha sana, huna haja ya kila mwezi.

Pili, maji yenyewe sio adui. Gari inapita kwenye mvua ya masika na madimbwi na inafika. Adui ni vitu vitatu, joto, presha, na maji kusimama sehemu isiyotakiwa. Soketi za nyaya zina vimpira vya kuzuia maji ya kurushiwa, hazikutengenezwa kuhimili mashine ya presha ya bar 100 na zaidi ukiwa umeisogeza sentimita 20. Ile presha inasukuma maji yanapita kwenye kimpira, yakishaingia hayana njia ya kutoka, yanakaa mle ndani yanakula pini taratibu na wewe shida unaiona baada ya miezi 2 hata hukumbuki kama uliosha.

Sasa ninavyofanya. Naosha asubuhi gari haijawashwa kabisa, au kama imewashwa basi iwe vuguvugu, nikiweka kiganja juu ya tapeti kava nahesabu mpaka kumi bila kutoa mkono. Injini ikiwa kazini kulanti peke yake inakuwa kwenye nyuzi 90 hivi, na manifodi ya ekzosi ni mia kadhaa, ukimwagia chuma hicho maji ya baridi kinaweza kupasuka, na sensa ya oksijeni ndani yake kuna kauri, yenyewe ndo kabisa haipendi. Halafu kwenye injini ya moto sabuni inakauka kabla haijafanya kazi, inaacha madoa kwenye aluminiamu.

Kabla ya maji natoa majani makavu na takataka kwa mkono na brashi kavu, hasa pale chini ya waipa, na nachungulia kama kuna kiota cha panya. Mwaka jana nilikuta manyoya ya sponji ya boneti yamekusanywa vizuri juu ya gia boksi na waya mmoja umeshaanza kutafunwa. Kama ningemwaga maji moja kwa moja ule waya ningeujua barabarani.

Halafu spana namba 10, natoa waya wa hasi wa betri na kuufunga na kitambaa pembeni. Saa na redio vitapoteza kumbukumbu, na gari nyingine sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itakuwa juu juu kidogo siku ya kwanza, usiogope itajirudi.

Kufunika ndo kazi yenyewe, hapa usiwe na haraka. Zamani tulikuwa tunatumia mifuko ya rambo, tangu Juni 2019 ilipopigwa marufuku mimi natumia nailoni za mkate nazitunza jikoni, na raba bendi za kukatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Nafunika altaneta, nafunika boksi la fyuzi, nafunika mdomo wa chujio la hewa na ile sensa ya hewa inayokaa kwenye bomba lake, na safu nzima ya koili juu ya injini. Kwenye 1NZ kile kifuniko cha plastiki cha juu usikitoe wakati wa kumwaga maji, kioshe mwisho pembeni. Hakikisha kifuniko cha oili kimekaza, stiki ya kupimia oili imezama mpaka mwisho, na kifuniko cha mafuta ya breki kimefungwa. Hili la breki watu wanalipuuza, mafuta ya breki yananyonya maji, DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 ila ikishakunywa maji inaweza kushuka mpaka 140, na wewe ndo unashuka mlima na mizigo.

Sabuni, natumia dawa ya kuondolea grisi ya kuchanganya na maji, ile isiyo na petroli ndani. Kwa uchafu wa kawaida sehemu 1 ya dawa kwa 10 za maji, pale penye tope zito 1 kwa 4. Kama huna dawa sabuni ya maji ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu inafanya kazi ila utasugua zaidi. Nanyunyiza na chupa ya kupuliza kuanzia chini kwenda juu, naacha dakika 3 mpaka 5, isikauke, halafu nasugua. Mswaki wa zamani kwa kona kona na brashi ya rangi ya inchi 2 kwa sehemu kubwa, ile brashi ya rangi niliifunga tepu kwenye bati lake isikwaruze. Kwenye mkanda wa fenibelti sipulizi, kama umechafuka naufuta na kitambaa chenye maji tu.

Kusuuza, mpira wa bustani bila kuziba mdomo kwa kidole, maji yanateremka yenyewe, au kopo kwenye ndoo. Lita 10 zinatosha IST nzima. Unaanza juu unashuka, na juu ya koili hupiti kabisa, pale unafuta na kitambaa kibichi kilichokamuliwa.

Kukausha usifanye kwa kubahatisha. Natoa nailoni, nafuta na vitambaa vikavu, kama jirani ana kompresa napuliza kwenye soketi na kuzunguka kila koili kwa umbali, kama hamna naacha boneti wazi juani saa moja na nusu. Halafu kabla sijawasha nachomoa koili MOJA ile iliyo karibu zaidi na nilipomwaga maji nachungulia na tochi. Pakavu, narudisha waya wa betri nawasha, naiacha sailensa dakika 10 mpaka 15 boneti ikiwa wazi, joto lake lenyewe linamalizia.

Karibuni kwa maswali na aliye na uzoefu mwingine atuwekee.

Mama_wa_Passo:

Shikamoo kaka, asante sana kwa huu uzi, umeandika kama unamfundisha mdogo wako. Swali langu, mimi fundi wangu anapaka mafuta ya taa kwa brashi tu hapulizi, halafu anafuta na kitambaa. Hiyo nayo ina shida?

Mzee_wa_Boneti:

Marahaba dada. Kwa brashi ni nafuu kuliko kupuliza kwa sababu ukipuliza unatengeneza ukungu wa mafuta na ukungu unashika moto kirahisi kuliko kimiminika. Ila bado sikushauri. Mafuta ya taa yanaanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 38 hivi, dizeli kama 55, sasa injini ya vuguvugu tu inaweza kuwa imeshapita hiyo 38. Na kitu cha pili ni mipira. Hosi, mpira wa koili, mauntingi za injini, zote zikikaa na mafuta ya taa zinavimba na kulainika. Haionekani siku hiyo. Tatu yanaacha utando, ukipita barabara ya vumbi kesho yake injini imekuwa chapati imekandwa na unga. Mwambie fundi wako atumie sabuni, na kama ni nati moja iliyoganda grisi hiyo aitoe aioshee kwenye kopo mbali na gari.

Kijana_wa_Kahama:

Mimi niongezee la petroli maana huku kwetu bado kuna watu wanaoshea. Jirani yetu alioshea boda boda yake na petroli kwenye beseni nje ya nyumba, ndani mama anapika kwa mkaa, jiko liko kama hatua 6 mlangoni. Moto haukutokea kwenye pikipiki, ulitokea chini, ulitembea kutoka jikoni kuja kwenye beseni, mimi nilikuwepo niliuona kabisa unatambaa sakafuni. Mkono wake mpaka leo ngozi haijarudi vizuri. Alikuwa anasema siku zote sigara hamna, moto hamna, nafanya nje.

Mzee_wa_Boneti:

Pole yake sana mkuu. Na hicho ulichokiona ndo chenyewe, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini kama maji mpaka ukutane na jiko. Na petroli inatoa huo mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa kwetu hakuna saa iliyo salama. Wakuu PETROLI HAIOSHEI KITU CHOCHOTE nyumbani, iwe injini, iwe pikipiki, iwe mikono. Na kama umeosha kwa namna yoyote halafu ukasikia harufu ya petroli usiwashe, tafuta kwanza inatoka wapi.

Mkaazi_wa_Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu umesema vyema lakini kuna jambo la sisi watu wa pwani hujaligusa, nalo ni maji yenyewe. Huku wengi twatumia maji ya kisima na yana chumvi, ukionja ulimi wakwambia. Mimi nilikuwa nikiosha gari kwa maji hayo hayo, baada ya mwaka kila soketi nikiifungua ina unga wa kijani ndani, na waya wa ardhi wa injini ukakatika wenyewe ulikuwa umeliwa wote. Makanika aliponionyesha nikaelewa. Sasa naosha kwa maji ya chumvi nikitaka, lakini suuzo la mwisho ni maji matamu, mtungi mmoja wa lita 20 natenga kwa ajili hiyo, ama maji ya mvua.

Mzee_wa_Boneti:

Ndugu yangu ahsante sana hili ni la dhahabu, na Dar tuko wengi tunaovuta maji ya kisima yenye chumvi. Ule unga wa kijani ni shaba inaliwa. Mimi nashauri hata lile la kwanza usitumie maji ya chumvi kwenye injini, kama lita 10 tu zinatosha basi nunua dumu moja la maji yasiyo na chumvi umalize. Na kwa wote, huo waya wa ardhi unaotoka kwenye injini kwenda bodi uangalieni mkishaosha, ukiwa umelegea gari inakusumbua umeme na utabadilisha betri bure.

Hapo hapo niseme la betri. Kama vichwa vya betri vina ule unga mweupe au wa bluu usiukwangue kwa mdomo wa bisibisi ukaupulizia, ule una asidi. Bekingi soda ya jikoni kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji, mwagia kidogo kidogo kwenye kichwa, itatoa povu, ikiacha povu asidi imeisha, suuza. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa isiingie ndani. Ukishakausha na kukaza paka grisi kidogo.

Suka_Mkongwe:

Me naomba nitofautiane kidogo na mtoa mada kwa heshima. Naendesha Land Cruiser ya 1HZ huku Arusha na kabla ya hapo lori, miaka zaidi ya 15 tunapiga mashine ya presha na haijawahi kutokea kitu. Naona vijana mnaogopa sana maji.

Mzee_wa_Boneti:

Mkongwe nakuheshimu na uko sahihi kwa gari yako. 1HZ ni dizeli ya kizamani, haina plagi za cheche, haina koili, pampu yake ni ya chuma kwa chuma haisubiri kompyuta imwambie. Haya maji yanayoua IST yangu kwako hayana pa kuingia. Ila hata wewe kuna sehemu moja naomba uniambie kama unaichunga, hiyo pampu ya dizeli. Ikiwa ya moto ukaimwagia maji ya baridi ganda la nje linasinyaa haraka kuliko vyuma vya ndani na nafasi iliyopo mle ni ndogo mno, inaweza kukamata (kukwama isizunguke).

Suka_Mkongwe:

Hapo umenipata. Tulikuwa na lori moja lilikamata pampu tukasema ni mafuta machafu, lakini ni kweli lilikuwa limetoka safari likaoshwa pale pale likiwa linachemka. Sikuwahi kuunganisha. Basi vijana fuateni, injini ipoe hata kama ni dizeli. Na altaneta mimi huwa naifunga gunia kavu, hilo hata zamani tulifanya.

Dogo_Aqua:

Vipi sisi wa haibridi (gari za petroli na umeme) wakuu? Nina Aqua na boneti imejaa vumbi tu haina oili.

Mzee_wa_Boneti:

Mdogo wangu kama ni vumbi tu usimwage maji kabisa. Chukua kitambaa cha unyevu na brashi laini basi. Zile nyaya nene za rangi ya machungwa ndo za umeme mkubwa. Kwenye Prius, ambayo ni ndugu yake, betri kubwa ni kama volti 200 na ile inveta inapandisha mpaka volti 500 na zaidi kwenda kwenye mota, hiyo haikupigi shoti ya kukuamsha, hiyo inaua. Usiguse kifuniko cha inveta, usipulize soketi za machungwa, na hakikisha gari imezimwa kabisa maana haibridi inakaa kimya unadhani imezima kumbe iko redi (tayari kuondoka) na injini inajiwasha mkono wako uko ndani. Funguo weka mbali sebuleni. Ikiwa na oili ya kuvuja peleka kwa fundi wa haibridi haswa.

Binti_Mnunuzi:

Naomba nitoe angalizo kwa wanaonunua gari mkononi. Mimi nilinunua Raum, siku naenda kuikagua injini ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi na inanukia. Nikaona mwenyewe anaitunza. Wiki ya 3 nikakuta doa chini ya parking, la 4 likawa kubwa, kumbe oil sili ya nyuma imechoka na ilioshwa asubuhi ya siku niliyokwenda. Sasa hivi nikimsindikiza mtu naomba tuikute gari ilivyo na tunaendesha hata nusu saa ndo tunafungua boneti.

Mzee_wa_Boneti:

Umesema kweli kabisa dada, injini ya gari linalotembea kila siku ina vumbi. Ikiwa safi kupita kiasi laza kipande cha boksi chini usiku mzima, asubuhi boksi litakwambia.

Na hii ndo inarudi kwenye nilichosema mwanzo, kuosha ili uone. Ukishaosha na kukausha, tembea kama kilomita 100 au 200 kisha fungua na tochi usiku, usiku mng'ao wa oili mbichi unaonekana vizuri kuliko mchana. Kama huelewi inaanzia wapi chukua poda ya mtoto, nyunyiza kidogo eneo unalolishuku kwenye injini kavu iliyopoa, usilete karibu na mkanda wala mdomo wa hewa, washa dakika chache uzime. Oili inachora mstari kwenye poda, unafuata mstari kwenda juu mpaka unapoanzia. Oili inateremka na upepo unairudisha nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea sio inapovuja.

Mtaa_wa_Pili:

Wakuu msaada wa haraka!! Nimesoma uzi jana usiku leo asubuhi nikaosha Corolla yangu ya 1ZZ, nilifunika altaneta na fyuzi ila koili nikasahau, sasa nimewasha inatetemeka vibaya na cheki injini inapiga piga, nimezima. Nifanyeje?? Nina safari ya Moro saa 8

Mzee_wa_Boneti:

Umefanya vizuri kuzima. Usiwashe tena. Ile taa ikiwa inawaka na kuzima maana yake silinda inamisi (haichomi mafuta yake), petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega (kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) na masega ukiyapoteza hapo ndo utalia.

Fuata taratibu. Toa waya wa hasi. Toa kifuniko cha plastiki cha juu. Kila koili ina boliti moja namba 10, chomoa soketi yake kwanza kwa kubonyeza kile kidole cha plastiki usivute waya, kisha vuta koili juu kwa kuizungusha kidogo. Zipange kwa mpangilio wake. Angalia mashimo kwa tochi. PLAGI USIIFUNGUE kama kuna maji, ukiifungua yote yanaingia kwenye silinda. Chukua kitambaa kisichotoa nyuzi kizungushie kwenye kijiti kirefu, zamisha nyonya, badilisha, nyonya, mpaka kitoke kikavu. Sirinji ya duka la dawa yenye kimrija nayo inafaa. Koili zifute na uziweke juani, mpira wa chini ugeuze utoe maji yaliyo ndani. Kila soketi pulizia dawa ya kusafishia umeme kama ipo, hata WD-40 inasaidia hapo, herufi zenyewe maana yake ni kuhamisha maji, halafu futa.

Kaa saa nzima. Kisha rudisha. Na safari ya saa 8 ahirisha au panda basi, nakuomba.

Mtaa_wa_Pili:

Mrejesho wakuu. Mashimo ya 1 na 4 yalikuwa makavu, la 2 lilikuwa na maji kidogo, la 3 lilijaa. Nimenyonya na sirinji, imetoka mara 4 imejaa. Nimeacha koili juani toka saa 5 mpaka saa 7 na nusu. Niliwasha kabla sijaondoka, sekunde kama 10 za mwanzo ilitetemeka halafu ikatulia kabisa. Cheki injini ilikuwa bado inawaka lakini haipigi piga. Moro nimeenda na basi hapa niko Chalinze naandika. Mungu akubariki sana.

Mzee_wa_Boneti:

Alhamdulillah. Taa itafutwa na mashine ya kupimia, ukirudi muombe fundi asome kwanza kabla hajafuta, ikiandika P0302 na P0303 ni kumbukumbu za leo za silinda ya 2 na ya 3. Ikirudi tena P0303 peke yake baada ya kufuta basi hiyo koili ya 3 badilishiana nafasi na ya 1, tatizo likihamia silinda 1 koili ndo imekufa, likibaki 3 angalia plagi. Usinunue koili kabla ya kufanya hivyo.

Mama_wa_Passo:

Swali la mwisho kaka, hayo maji meusi baada ya kuosha yanamwagwa wapi? Nimepanga, chumba changu kinatazamana na bustani ya mchicha ya mama mwenye nyumba.

Mzee_wa_Boneti:

Swali zuri sana na nilisahau kuliandika, samahani. Usimwage kwenye bustani wala mtaroni, mtaro unakwenda mtoni na baharini. Mimi natandika maranda ya mbao chini ya injini, napata bure kwa fundi seremala, nayatandaza juu ya kipande cha turubai. Tope lote la oili linanaswa mle. Nikimaliza nayakusanya kwenye kiroba napeleka gereji wanakokusanyia oili chafu. Na kabla ya kumwagia maji lile tope zito nalikwangua kwanza na kijiti cha mbao linadondoka likiwa kavu, unapunguza sabuni na maji yanayobaki yanakuwa machache. Kwa Passo maranda ya kiroba kimoja yanatosha, na uosheeni upande wa getini mbali na huo mchicha.

Mtaa_wa_Pili:

Wakuu nimerudi Dar juzi, fundi amesoma ni P0302 na P0303 kama ulivyosema, amefuta, siku ya 3 leo haijarudi. Na nimefungua boneti jana usiku na tochi, injini bado safi isipokuwa mstari mmoja mbichi unaanzia kona ya nyuma ya tapeti kava kushuka kwenye ekzosi. Kumbe ile harufu ya oili kuungua nikisimama kwenye taa ndo hiyo, miaka miwili mafundi wananiambia gari ya zamani lazima inuke. Kesho naenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, kutafuta gasketi.

Mzee_wa_Boneti:

Chukua gasketi orijino, na kona zile zenye maungio ya chuma aweke silikoni kidogo tu, na boliti zikazwe kidogo kidogo kwa kuzunguka, asikaze upande mmoja mpaka mwisho. Tupe mrejesho.